Mada: Kaunsili imekataa kumpima mtoto EHCP, eti sababu ni Kiswahili cha nyumbani

Mama Nasra:
Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Barua ya kaunsili imefika leo, wamekataa kumfanyia mtoto tathmini ya EHCP, ile plani ya kisheria ya msaada kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu hapa Uingereza. Ana miaka 5, ana usonji uliothibitishwa na daktari, maneno yake machache na mengi anarudia tu aliyoyasikia. Wanasema shida ya lugha inaelekea kutokana na Kiswahili tunachozungumza nyumbani, hivyo aendelee na EAL (msaada wa Kiingereza kwa mwenye lugha nyingine) na SEN Support (msaada wa kawaida wa shule bila plani). SENCO, mwalimu anayesimamia mahitaji maalumu shuleni, naye anataka tuache Kiswahili kabisa. Swali langu ni moja: mwezi wa saba tunahamia mji mwingine, yaani kaunsili nyingine. Nikate rufaa hapa, au nisubiri nianze upya kule? Barua ina tarehe ya wiki 3 zilizopita.

Baba Twaha:
Waaleikum salaam Mama Nasra, pole sana. Usiikalie hiyo barua. Una miezi 2 tangu siku ulipoipokea. Kwanza mpigie mshauri wa usuluhishi, namba yake iko kwenye barua hiyo hiyo. Kama hutaki kikao mwambie wazi kwamba unahitaji cheti cha usuluhishi tu, na anatakiwa akitoe ndani ya siku 3 za kazi. Kisha jaza fomu ya rufaa SEND35A. Usichukue SEND35, ile ni ya rufaa nyingine. Ambatisha barua ya kukataliwa na cheti. Hakuna ada.

Mwalimu Salome:
Baba Twaha, samahani, kwenye tarehe umempotosha, na hapo ndipo watu wanapopoteza rufaa. Miezi 2 inahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si ilipofika. Wiki 3 zimeshaliwa. Cheti kikitoka kuna mwezi 1 tangu tarehe ya cheti, na kati ya hizo mbili inashika ile inayoangukia baadaye zaidi. Mama Nasra, bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe.

Kuhusu sababu waliyotoa: wanaegemea kifungu 20(4) cha Children and Families Act 2014, kinachosema mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya shuleni. Uzito wote uko kwenye hilo neno "tu". Mtoto aliyethibitishwa usonji hayuko hapo. Kipimo cha kukubali au kukataa tathmini kiko kifungu 36(8), na kina maswali mawili: je, mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu, na je, huenda ikalazimu apewe msaada kwa njia ya EHCP? "Huenda." Si lazima uthibitishe kwamba plani itatoka, na ukata wa kaunsili haumo kwenye kipimo hicho.

Ushahidi wako ulenge hoja yao moja kwa moja: onyesha kwamba ugumu uko kwenye Kiswahili pia. Video ya dakika 2 nyumbani inatosha: unamwita jina hageuki, anataka kitu anakuvuta mkono badala ya kukuonyesha kwa kidole. Hakuna lugha ya nyumbani inayomzuia mtoto kuonyesha kwa kidole. Iombe shule karatasi zote za SEN Support, zenye malengo na tarehe za kupitia. Kama lengo lile lile limeandikwa mihula mitatu bila kusogea, huo ni ushahidi kwamba msaada wa kawaida hautoshi.

Da Rukia:
Jamani, wenye viza ya NRPF, isiyoruhusu fedha za umma, wawe waangalifu. Ukiomba EHCP unaweza kuharibu ombi lako la uhamiaji Home Office.

Baba Twaha:
Da Rukia, hilo si kweli, na linawafanya wazazi wakae kimya wakati watoto wanaumia. EHCP ni elimu, haimo kwenye orodha ya fedha za umma. DLA ya mtoto, ile posho ya ulemavu, ndiyo imo, hapo uliza mwanasheria kwanza. Tusichanganye mambo mawili.

Dada Mwanakombo:
Mimi naongeza upande wa tiba ya usemi, maana hapa kuna jambo litakalomharibia mtoto hata tathmini ikikubaliwa.

Msiache Kiswahili. Lugha mbili hazimzidishii ucheleweshaji mtoto mwenye usonji, na mkiacha mnamwondolea watu anaoweza kuongea nao.

Mtaalamu atakayempima anatakiwa ampime kwa lugha zote mbili, kwa mkalimani. Mkalimani aelezwe kabla ya kikao kwamba asinyooshe maneno ya mtoto. Mfano halisi: mtoto ana kiu, anasema "unataka maji", kwa sababu ndivyo anavyosikia akiulizwa. Mkalimani mwenye huruma anatafsiri "anasema anataka maji", mtaalamu anaandika kwamba anaomba vizuri. Ushahidi umepotea kwenye silabi moja, u- badala ya na-. Mkalimani aseme neno kwa neno, na aeleze kwamba kiambishi ni cha "wewe". Mama, andika sentensi kumi za namna hiyo kama zilivyotamkwa, na kando yake alichokuwa anakitaka.

Kama shule inatumia PECS, mbinu ya mtoto kuomba kwa kutoa kadi za picha, ile ya Bondy na Frost ya mwaka 1985, waulize hatua ya 1 wanaifanyaje. Wanatakiwa watu wazima wawili: mmoja mbele ameshika kitu anachokipenda mtoto, mwingine nyuma anamwongoza mkono kutoa picha bila kusema neno. Kosa la kila siku ni yule wa mbele kuuliza "unataka nini?" Swali hilo ni la hatua ya 5. Likija mapema, mtoto anajifunza kungoja aulizwe.

Kamba ya sentensi ya nyumbani, yaani ukanda wa kupanga kadi hizo, msinakili ya Kiingereza. Wao rangi inatangulia, sisi inafuata: NATAKA, MPIRA, kisha rangi. Kwenye kadi ya rangi msiandike neno, wekeni doa jekundu tu. Anayesoma kwa sauti ndiye apatanishe: mpira mwekundu, gari jekundu. Neno likiandikwa "nyekundu" mtasoma vibaya kila mara, na mtoto huyu atalihifadhi hivyo hivyo.

Mkimwambia kitu, hesabuni hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia.

Mzee Kombo:
Kule kwetu mtoto ana bibi, ana shangazi, barazani kila apitaye anamsemesha. Huku ni mama na televisheni. Kiswahili cha mtoto kinatoka wapi?

Mwalimu Salome:
Mzee wangu, shikamoo. Kweli, lakini barazani pia wengi waliitwa mabubu na kuachwa. Kenya ina vituo vya EARC vya kuwapima watoto tangu 1984, na bado kuna mzazi anayepanda matatu mbili kukifikia.

Baba Twaha:
Plani ikitoka, someni Sehemu F, inayotaja msaada atakaopewa, kwa kalamu. "Atapata fursa ya tiba ya usemi" haimbani mtu. "Dakika 45 kila wiki ya muhula, ana kwa ana na mtaalamu" inambana, kwa kifungu 42 cha sheria ile ile.

Mama Nasra:
Asanteni sana. Nimempigia mshauri mchana huu, cheti kinakuja kwa barua pepe. Sentensi nimeshaandika sita. Ila kuhusu kuhama mwezi wa saba bado sijapata jibu. Rufaa inanifuata, au inabaki huku?

Da Rukia:
Dada Mwanakombo, hizo kadi unalaminisha kwa unene gani? Zetu zinatafunwa.