Kunguru ni ndege wa kuimba ama? Nisaidieni kabla sijaenda shule

BabaKisauni: Wandugu salaam. Binti yangu yuko gredi ya tano, kaambiwa aandike ndege watatu wa ile jamii ya kutua mtini na kuimba. Kaandika kwera, chozi na kunguru. Kunguru kapigwa eksi nyekundu, ati haimbi. Mtoto kalia mpaka kalala na njaa. Niende nikamuone mwalimu ama niwache? Na kweli kunguru aingiaje hapo na makelele yale?

Nahodha_Likoni: Kunguru akiimba mimi nauza dau 😂 juzi kaninyakulia hamri mkononi nikiwa naongea na simu

BiTudor: Cheka tu, lakini mtoto yuko sawa. Jamii hiyo ina spishi zaidi ya 6,000, yani zaidi ya nusu ya ndege wote duniani, na jina lake la kitaalamu latokana na neno la Kilatini la shomoro. Mtizame miguu: vidole vitatu mbele kimoja nyuma, hakuna ngozi katikati kama bata. Akichuchumaa kano za mguu zavutika na vidole vyafumba vyenyewe, ndo maana alala juu ya tawi na upepo wote huu wa kusi na haanguki. Makinda nayo yatoka uchi, macho yamefumba, kazi yao kuachama tu. Sasa hao waimbaji ni tawi ndani ya jamii hiyo, koo lao la sauti liko chini kule bomba la pumzi linapogawanyika, na lina misuli mingi. Kunguru anayo yote hayo. Utamu ndo hana.

BabaKisauni: Na kasuku? Yeye si aongea kabisa

BiTudor: La, huyo viwili mbele viwili nyuma. Lakini usishike vidole peke yake baba, njiwa ana vitatu na kimoja na si wao. Na mbayuwayu ni wao, barawai siye, hata kutua kwa waya hawezi.

Mzazi_Bamburi: Usiende na hasira. Mpe mtoto daftari amuulize mwalimu mwenyewe kwa adabu, wewe ukitokea pale yatakuwa ya wazazi.

BabaKisauni: Sawa, ataenda yeye. Nimetoka nje saa hii kuna mmoja kwa kamba ya nguo, nimehesabu vitatu mbele, cha nyuma kimezama kwa kanga ya mamake. Ataka nimpige picha aende nayo, nami nikisogea aruka.

Nahodha_Likoni: Shika hamri