Tafakari ya asubuhi natuma kila siku ila moyoni pakavu, niendelee au niache?

mama_wawili (Newala)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, mnivumilie nitaandika kirefu. Kwenye jumuiya yetu mimi ndo mtu wa tafakari, mwaka wa tatu huu, kila siku saa kumi na moja alfajiri nasoma neno la siku naandika mistari michache natuma kwenye grupu la wasap, watu kama arobaini, wengine wako mashambani wengine walishahamia Dar, wakiamka wanakuta. Nilikuwa naipenda hiyo kazi jamani, kuna siku nilikuwa naandika huku machozi ya furaha yananitoka.

Sasa mwezi wa sita baba watoto akaanguka shambani, upande wa kulia ukapooza na mdomo ukapinda. Ulikuwa ndo wakati wa kupulizia mikorosho, hela ya salfa, ile dawa ya mikorosho, na ya vijana wa kupulizia nilikuwa nayo nimeifunga kwenye kitenge, yote ikaishia hospitali na nauli. Wenye mikorosho mnajua, miezi ile huku juu kuna ukungu na baridi, usipopulizia, ubwiru unga, ule ugonjwa wa maua, haukusubiri. Niliporudi shamba maua yalikuwa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, ukiyashika yanapukutikia mkononi. Mwaka jana tulipeleka ghalani kilo 640, mwaka huu mpaka leo nilizookota hazifiki 70 na mikorosho ni ile ile.

Tafakari sijaacha kutuma. Ila juzi neno lilikuwa la tumaini, nikaandika kwamba tumaini halitahayarishi, nikatuma, watu wakamiminika Amina Amina, mimi nikaweka simu chini nikaenda kuchemsha maji ya kumwogesha mgonjwa huku najiuliza huyo aliyeandika pale ni nani maana mimi sisikii kitu. Najiona mnafiki. Halafu kuna mtumishi alikuja kumwombea akaniambia haponi kwa sababu imani yangu ndogo na humu ndani kuna dhambi iliyofichwa. Toka siku hiyo hata kupiga magoti naogopa.

Anayenisaidia sana ni jirani yangu Mwislamu, mama mtu mzima wa rika la mama yangu. Akishaswali alfajiri anapita kwangu tunamgeuza mgonjwa asije akapata vidonda, mimi nashika mabega yeye anashika miguu, akimaliza anaenda zake kuuza ming'oko, vile viazi vya porini.

Naombeni ushauri, niwaachie wengine tafakari mpaka moyo urudi, au niendelee hivi hivi? Na hilo la imani ndogo lina ukweli?

kijana_wa_Masasi

Pole sana dada yangu. Mimi naona usiache kabisa, ukiacha ndo adui anapata mlango. Funga siku tatu, omba, na usiseme tena kwamba moyo mkavu maana maneno ya kinywa yana nguvu, kiri uponyaji hata kama macho hayaoni. Waebrania 11 inasema imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili bila kazi nikawa nakiri hivyo hivyo mpaka mlango ukafunguka.

katekista_mstaafu (Ndanda)

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu wa Newala pole, na wewe kijana wa Masasi nakuheshimu, umeandika kwa upendo, ila kwenye hili la kutosema mimi nakataa. Fungua Zaburi ya 13, Daudi anamuuliza Mungu mpaka lini utanisahau, tena anauliza kwa sauti. Fungua ya 88, inaanza na kilio inaishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa kumalizia vizuri, na bado Kanisa linaisali na limeiacha ndani ya Biblia. Kama kusema moyo umekauka ni kukosa imani basi hizo kurasa zingechanwa zamani.

Kuhusu yule mtumishi. Wanafunzi walimuuliza Yesu hivyo hivyo juu ya kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, jibu lake liko Yohana 9, alisema si huyu wala wazazi wake. Na rafiki zake Ayubu walikuwa watu wazuri kabisa zile siku saba walizokaa naye chini kimya, waliharibu walipoanza kutafuta kosa lake. Kwa hiyo mwanangu neno la mtu yule lisikuzuie kupiga magoti, na magoti yakikataa kaa tu kwenye kigoda, Paulo anasema Warumi 8 hatujui kuomba jinsi itupasavyo, Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua. Kuugua hakuhitaji maneno.

Sasa swali lenyewe. Nimefundisha katekisimu zaidi ya miaka thelathini na nimeona watu wengi wakidhani imani ni ile joto la kifuani, joto likipoa wanasema imani imeisha. Mimi naishi hapa karibu na abasia, nyumba ya wamonaki ya Ndanda. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipita huku kwetu kusini, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa kule Liwale, na upande wa babu zetu walikufa watu maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Nchi ilikuwa majivu, maiti na chuki pande zote. Mwaka uliofuata, 1906, wamonaki wakaanza Ndanda. Huwa nawaza asubuhi ya kwanza walivyoamka kuimba masifu mahali kama hapa, sidhani kama kuna aliyekuwa anasikia joto lolote kifuani, lakini waliimba zaburi ya siku hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa zamu ya siku hiyo. Mwenye kusali kwa zamu anajua, kuna siku unaibeba zaburi na kuna siku zaburi ndo inakubeba wewe.

Na angalia ulichoandika mwenyewe. Umetupa mistari mingi ya moyo mkavu halafu katikati ukapitisha haraka haraka kwamba kila alfajiri unamwogesha mumeo na kumgeuza. Paulo akitaja yale matatu, imani, tumaini, upendo, anasema lililo kuu ni upendo. Hakusema lililo kuu ni kusikia. Wewe unatafuta tafakari kwenye simu na kumbe unaishika mabegani.

Ila unafiki upo mahali pamoja tu, kuwatumia watu furaha ambayo huna. Hilo acha. Waandikie ya kweli. Habakuki 3 umewahi kuwatumia? Mtini hauchanui, shamba halitoi chakula, zizini hakuna ng'ombe, "walakini nitamfurahia BWANA". Huyo nabii hakuificha hali ya shamba lake, ameitaja kitu kimoja kimoja.

mama_lindi_mjini

Mdogo wangu, mume wangu alipooza mwaka wa nne huu, nakujibu kama mwenzio wa hiyo safari. Kwanza usiishi na huo mstari wa imani ndogo, mimi niliambiwa hivyo hivyo nikauza hadi cherehani kutoa sadaka, hakuinuka kwa sadaka. Amekuja kutembea na fimbo baada ya mazoezi ya viungo ya kila siku na dawa za presha bila kuruka, na maombi pia, sitenganishi. Uliza hospitali mliyotibiwa wakuonyeshe mazoezi ya kumfanyia nyumbani, usikae ukisubiri. Na kumgeuza si alfajiri tu, kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, mfundishe na mtoto wako mkubwa maana mgongo wako nao ni wa kulinda.

Pili, tafakari mpe mtu zamu hata siku tatu kwa wiki. Watu arobaini wanakula kila siku mkono wako tu, na wewe nani anakulisha? Hao walio Dar wana simu na wanajua kusoma.

Huyo mama jirani mshukuru sana, mimi wangu alikuwa ananiletea uji kwenye chupa ya chai mwezi mzima wa Ramadhani, yeye mwenyewe amefunga.

kijana_wa_Masasi

Mzee nimekusoma, nimerudia mara mbili hiyo Zaburi 88, sikuwahi kuisoma mpaka mwisho. Dada samahani kama nilikuongezea mzigo. Mimi nina bomba la kupulizia, mwakani mwezi wa tano nitafute humu, salfa itafutwe mapema, kazi ya mkono nitakuja kuifanya mwenyewe.

mama_wawili (Newala)

Nimelia jana usiku, leo ndo naweza kujibu. Asanteni. Baba katekista, leo alfajiri nimewatumia Habakuki, chini yake nikaandika hivi: mikorosho yetu haikuchanua, ghalani sina kitu, baba watoto bado hasemi vizuri, na mimi wiki hizi siwezi kusema kwamba nafurahi, naomba mniombee. Ilinichukua nusu saa kubonyeza kutuma, vidole vinatetemeka.

Amina hazikuja nyingi kama siku zote. Kulikuwa kimya mpaka kwenye saa moja, nikajua nimeharibu. Halafu mmoja akanipigia simu, mama ambaye miaka yote hiyo hajawahi kuandika chochote kwenye grupu, akaniambia mwanae aliondoka nyumbani mwaka juzi na kila siku alikuwa anasoma tafakari zangu akidhani yuko peke yake humo ndani. Tumeongea mpaka salio lake likaisha nikampigia mimi.

Zamu nimegawa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nimewapa wengine. Jirani yangu nilimsomea huo mstari wa shamba lisilotoa chakula wakati tunamgeuza mgonjwa, akasema huyo nabii alilima kweli. Baba watoto akacheka, upande mmoja wa mdomo, ila alicheka.

Mama wa Lindi, Alhamisi tunaenda hospitali nitauliza hayo mazoezi. Kama kuna yale uliyokuwa unamfanyia ya mkono niandikie hapa, mkono wa kulia ndo umekaza zaidi, vidole havifunguki.