Koha: nimeingiza vitabu 213, nikitafuta naambiwa hakuna hata kimoja

mkutubi_kitunda (Jumatano, saa 3:40 usiku)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mkutubi wa shule moja ya sekondari hapa Lindi mjini. Nyumbani ni Kitunda, ng'ambo ya maji, kwa hiyo mkiona kimya mjue navuka. Miaka 19 nimefanya kazi na daftari la rejista na kadi. Kompyuta nimeijulia ukubwani, mnivumilie.

Mwezi uliopita tulipata Dell OptiPlex ya mtumba, RAM GB 4. Nikasikia kuna programu ya maktaba isiyolipiwa, Koha, ilianzia New Zealand na ikaanza kutumika Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua. Nimesoma kwamba kwa Kimaori koha ni zawadi. Jina tu lilinishawishi, maana bajeti yetu ya maktaba ni ya zawadi vilevile.

Nikaweka mfumo endeshi wa Ubuntu Server 22.04, nikashusha vifurushi vya Koha usiku kucha kwa bando la simu yangu, nikaiita maktaba yangu "maktaba" (sikuwa na ubunifu saa nane usiku). Nilikwama mara mbili nikajinasua, naandika hapa labda itamsaidia mwingine. Kwanza, siku mbili nzima nikifungua anwani ya seva naletewa ukurasa wa Apache (programu inayotoa kurasa za wavuti) unaojisifu kwamba unafanya kazi. Kazi gani, na Koha siioni! Kumbe ule ukurasa wa mwanzo ndio umekalia mlango. Nikauondoa kwa `sudo a2dissite 000-default`, nikaongeza `Listen 8080` kwenye ports.conf kwa ajili ya upande wa watumishi, nikawasha Apache upya, Koha ikachungulia. Pili, ukurasa wa kusanidi uliniomba jina na nywila, nami naupa za Ubuntu, unanikataa kama mlinzi wa geti. Jina ni `koha_maktaba`, na nywila mashine imejitungia yenyewe. Unaiona kwa `sudo koha-passwd maktaba`.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Wiki tatu nimeingiza vitabu 213, kimoja kimoja, na utafutaji ulikuwa unajibu. Alhamisi iliyopita umeme ukakatika mara mbili mchana mmoja. Tangu siku hiyo nikitafuta "korosho", hakuna. "Hisabati", hakuna. Hata nikiandika jina la kitabu nilichokishika mkononi, hakuna.

Ajabu yake ni hii: nikiandika namba ya rekodi moja kwa moja kwenye anwani, kwa mfano biblionumber=57, kitabu kinafunguka chote, na bakodi yake. Ripoti nayo inahesabu 213. Kwa hiyo vitabu vimo.

Nimezima na kuwasha. Nimebadili kivinjari. Nikakuta ukurasa wa zamani mtandaoni unasema niendeshe rebuild_zebra.pl. Mara ya kwanza ilikataa, ikilalamika naiendesha kama root (mtumiaji mkuu wa mashine), basi nikaongeza `--run-as-root` ikatulia, ikahesabu hadi 213 ikamaliza salama. Nikatafuta tena "korosho". Sifuri.

Nifanye nini? Mkuu wa shule anataka kuiona Jumatatu.

dogo_masasi (Jumatano, saa 4:05 usiku)

Mzee futa kila kitu ufunge upya, mimi nilifanya hivyo na WordPress ikakaa sawa. Haraka kuliko kutafuta mchawi.

fundi_shangani (Jumatano, saa 4:22 usiku)

Mzee wangu, shikamoo. Usifute chochote! Dogo, wewe WordPress yako ilikuwa na kurasa mbili na picha ya ufukwe. Huyu mzee ana wiki tatu za kazi mle.

Mzee, nitakueleza kwa lugha ya maktaba. Koha ina vitu viwili tofauti. Kuna rejista, ambayo ni kanzidata ya MariaDB; humo kila kitabu kimeandikwa na ndiyo maana biblionumber=57 inafunguka. Halafu kuna kabati la kadi, hilo linaitwa Zebra. Msomaji akitafuta neno, Koha haifungui rejista kupekua ukurasa mmoja mmoja, inakimbilia kwenye kabati. Kadi zikichanika au droo ikikwama, jibu ni "hakuna", hata rafu zikiwa zimejaa.

Umeme ulipokatika katikati ya kazi, kadi zikaharibika. Hilo ni la kwanza na lingerekebishika kwa amri moja. La pili nalihofia zaidi, ni hiyo `--run-as-root`. Programu ilipokukataa ilikuwa inakuonea huruma.

Naomba majibu ya hizi:

`sudo koha-zebra --status maktaba`
`sudo ls -l /var/lib/koha/maktaba/biblios/register`
`sudo tail -n 20 /var/log/koha/maktaba/zebra-error.log`

mkutubi_kitunda (Alhamisi, saa 2:15 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Mfano wa kabati umeniingia kuliko kurasa zote nilizosoma. Kabati lenyewe bado ninalo, droo ya herufi M haifunguki mpaka uipige teke.

Nimefika shuleni nimeendesha. Ya kwanza inasema Zebra inafanya kazi. Ya pili imetoa orodha ndefu ya mafaili, na kila mstari umeandikwa root root. Ya tatu, mistari inajirudia na inaishia "Permission denied". Pia naona mistari ya leo imeandikwa tarehe 1 Januari 2012. Hilo ni kawaida?

fundi_shangani (Alhamisi, saa 2:50 asubuhi)

Tumempata. Tarehe tutairudia, siyo kawaida hata kidogo.

Zebra haiendeshwi na root. Koha ilipotengeneza maktaba yako iliunda na mtumishi wake, anaitwa `maktaba-koha`, na Zebra inafanya kazi kwa jina la huyo. Wewe ulipoendesha ule mchakato kama root, kadi mpya 213 ziliandikwa vizuri kabisa, ila zikafungiwa kwenye droo ambayo ufunguo anao bosi. Mtumishi anafika asubuhi, anavuta droo, haifunguki, anamwambia msomaji hakuna kitabu.

Fanya kwa mfuatano huu, usiruke:

`sudo koha-indexer --stop maktaba`
`sudo koha-zebra --stop maktaba`
`sudo chown -R maktaba-koha:maktaba-koha /var/lib/koha/maktaba/biblios /var/lib/koha/maktaba/authorities`
`sudo chown -R maktaba-koha:maktaba-koha /var/lock/koha/maktaba`
`sudo koha-zebra --start maktaba`
`sudo koha-rebuild-zebra -f -v maktaba`
`sudo koha-indexer --start maktaba`

Hiyo `koha-rebuild-zebra` ndiyo ya kutumia siku zote, siyo ile ya .pl. Utaiita kwa sudo lakini yenyewe inajivua joho la root na kufanya kazi kama maktaba-koha. Na koha-indexer usiisahau. Huyo ndiye anayeandika kadi kila ukiongeza kitabu kipya. Akiwa amelala, vya zamani vitaonekana, vya leo havitaonekana, na utarudi hapa kutulaumu.

mkutubi_kitunda (Alhamisi, saa 4:30 asubuhi)

IMEKUBALI. Nimeandika "korosho" vimekuja vitabu vinne. Wakati najua ni vitano! Cha tano nimekikuta, mwenyewe niliandika "koroso". Hilo siwezi kumsingizia Zebra.

Mwalimu wa Kilimo alikuwa pembeni, amepiga makofi peke yake kwenye chumba kizima. Mwanangu, ukipita Lindi pweza wa kukaanga ni juu yangu.

fundi_shangani (Alhamisi, saa 4:41 asubuhi)

Pweza wa Lindi namjua, mgumu kama chandarua. Njoo wewe Mtwara nikupeleke Mikindani ukaonje wa kweli. 😄

Sasa ile tarehe. Kompyuta ikizimika, saa yake inaendeshwa na kibetri cha mviringo kwenye mazabodi, CR2032. Cha mashine ya mtumba mara nyingi kimeshakufa. Ukiwa na intaneti husikii kitu kwa sababu Ubuntu inauliza saa mtandaoni ikijirekebisha. Wewe seva yako iko peke yake, bando lilishaisha, umeme ukikatika saa inarudi alikozaliwa. Kwa maktaba hili ni baya kuliko utafutaji. Kuna kitabu umeazimisha tangu Alhamisi?

mkutubi_kitunda (Alhamisi, saa 5:10 asubuhi)

Loh. Viwili, vya majaribio. Mwalimu wa Jiografia anatakiwa kurudisha chake Januari 2012. Mwaka huo alikuwa darasa la sita.

mama_tehama_newala (Alhamisi, saa 7:20 mchana)

Habari za mchana baba. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA huku Newala, tulifunga Koha mwaka juzi. Vipokee hivyo viwili kwanza, rekebisha saa, ndipo uviazimishe upya. Saa unairekebisha hivi, ukiweka tarehe yako halisi ya leo:

`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "MWAKA-MWEZI-SIKU 13:20:00"`

Na hakikisha eneo la saa ni `Africa/Dar_es_Salaam`, maana Ubuntu Server hukaa kwenye UTC (saa ya kimataifa) usipoiambia. Sisi tulikuwa nyuma saa tatu muhula mzima na hakuna aliyejua. Kibetri kipo kwenye maduka ya saa, hata ya ukutani; muonyeshe cha zamani akupe kama hicho. Na kama shule ina uwezo, nunueni UPS ndogo (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika). Haina kazi ya kuendesha seva mchana kutwa, inatosha ikupe dakika za kuizima kwa adabu.

Ila mimi nina swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Nakala rudufu unazo? Angalia `ls -l /var/spool/koha/maktaba`.

mkutubi_kitunda (Alhamisi, saa 7:55 mchana)

Mwalimu, hamna kitu. Tupu kabisa. Nilisoma kwamba Koha inajihifadhi yenyewe kila siku!

mama_tehama_newala (Alhamisi, saa 8:05 mchana)

Inajihifadhi, lakini saa ngapi? Kazi za kila siku za Ubuntu Server zimepangwa saa 12:25 asubuhi. Wewe muda huo uko kwenye maji unavuka na seva imezimwa. Ubuntu ya mezani ina anacron inayofidia kazi iliyopitwa. Ya seva hukuwekewa. Yetu ilikuwa tupu miezi minne, nikagundua siku diski ilipoanza kulia kama panya. Sitaki kulikumbuka.

Dawa ya muda, kila ukitaka kufunga jioni:

`sudo koha-dump maktaba`

Utapata mafaili mawili mle ndani, moja la .sql.gz na lingine la .tar.gz. Nakili yote mawili kwenye flashi, na flashi usiiache shuleni, nenda nayo Kitunda. Bando likipatikana weka `sudo apt install anacron`.

mkutubi_kitunda (Alhamisi, saa 9:30 alasiri)

Nimefanya. Faili zima la wiki tatu za maisha yangu halifiki hata MB 5, nilitegemea kubwa zaidi. Flashi iko mfuko wa shati, nimeifungia kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mtumbwi.

Kibetri nimepata kwa fundi saa karibu na stendi. Cha zamani kilikuwa na kutu ya kijani.

dogo_masasi (Alhamisi, saa 2:10 usiku)

Mzee samahani kwa ushauri wa jana. Naomba kuuliza palepale: wanafunzi wanaweza kutafuta vitabu kwa simu bila bando? Shule yetu nayo inataka.

fundi_shangani (Alhamisi, saa 2:35 usiku)

Wanaweza. Ruta yoyote, hata isiyo na intaneti, unaunganisha seva kwa waya, simu zinaingia kwa wayafai, wanafungua anwani ya IP ya seva. Upande wa wasomaji uko poti 80 kwa hiyo hawaandiki namba ya ziada, na kwa kuwa mzee ameshaondoa ule ukurasa wa Apache, watapokewa na Koha moja kwa moja. Ile 8080 ni ya watumishi, usiwape. Na IP ya seva uifunge isibadilike, la sivyo umeme ukikatika ruta itaigawia nyingine na shule nzima itakufuata wewe.

mkutubi_kitunda (Jumatatu, saa 6:15 mchana)

Taarifa fupi. Mkuu wa shule amekuja, ameandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafuta, akashangaa hakuna kitabu. Nikamwambia aandike kwanza. Amecheka, ameahidi UPS. Katikati ya maonyesho umeme ukakatika. Ulivyorudi nimewasha, tarehe ilikuwa ya leo, nikatafuta "korosho" mbele yake, vitano.