Wakuu naombeni msaada: nazuiaje farasi wa g5 kwenye chesi?

KeteNyeusi: Habari zenu wakuu. Jumamosi nina fainali ya chesi hapa mtaani na mimi ndo nashika nyeusi. Jamaa akiwa na nyeupe ana njia moja tu, anasukuma pawni e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), mimi e5, farasi f3, farasi wangu c6, askofu wake c4, nikitoa farasi f6 tu anarusha farasi g5, farasi huyo na askofu wote wanaitolea macho pawni yangu ya f7, jirani na mfalme. Najua nasukuma d5 anakula na pawni, sasa hapo nile na farasi au kuna njia nyingine? Muda ni dakika 15 kila mtu na nyongeza ya sekunde 10. Kombe nalitaka kweli.

MzeeWaKete: Usile na farasi mdogo wangu. Ukila anamtoa farasi wake sadaka f7, mfalme wako anamla, malkia f3 cheki (anamtishia mfalme), na ukitaka kumwokoa farasi wa d5 inabidi mfalme apande e6, katikati ya ubao huku kete zako nyingi bado zimelala. Kompyuta itajitetea, binadamu mwenye dakika 15 atateseka. Peleka farasi a5 umguse askofu. Atakupa cheki b5, zuia na pawni c6, anakula, unakula na ya b, askofu anarudi e2, unasukuma h6 farasi anarudi f3, unasukuma e4 anahama tena. Umepungukiwa pawni moja ila yeye anakimbiakimbia tu na wewe unatoa kete.

Dada_Mati: Au akija g5 mwachie f7, toa askofu c5! Mchezaji chesi Karel Traxler alishinda hivyo mwaka 1890.

MzeeWaKete: Dada hiyo tamu, ila akila f7 na askofu kwa cheki badala ya farasi, nyeupe anabaki juu. Fainali sio pa kujaribia.

Utulivu: Mbona mnajipa tabu, muvu ya tatu toa askofu c5, farasi wa f6 asubiri kwanza. Akirusha farasi g5 malkia wako anamla bure maana njia iko wazi.

KeteNyeusi: Duh, hii nimeipenda. Na akicheza c3 ili asukume d4 amfukuze askofu?

Utulivu: Hapo sasa ndo unatoa farasi f6. Akisukuma d4 kula, akila na pawni ya c usirudishe askofu nyuma, mpe cheki b4.