Ripoti ya uchunguzi wa kijamii na uangalizi wa mtoto: masharti gani yanashika huku Tanga?

Mgeni_wa_Pongwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nimepangiwa kitengo cha ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja mkoani Tanga, na jukumu nililopewa ni watoto waliokinzana na sheria, yaani wanaodaiwa kutenda kosa. Maana yake kuhudhuria Mahakama ya Watoto, kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na kumsimamia mtoto akiachiwa kwa masharti. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Kanuni za Mahakama ya Watoto za 2016 ninazo na nimezisoma. Kinachonisumbua ni utendaji wenyewe. Ripoti nzuri ina nini ndani, na taarifa nazitoa wapi? Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa umri wake nauthibitishaje? Na masharti ya uangalizi nayapendekeza vipi ili yasivunjike wiki ya pili? Ripoti za zamani nilizokuta ofisini zinafanana mno, kama vile watoto wote ni mmoja.

Bi_Chumbageni

Marahaba mwanangu, karibu kwenye kazi.

Hakimu anasoma ripoti yako ili ajue amri ipi itashika kwa mtoto huyu, kwenye nyumba hii, mtaa huu. Kila unachoandika kielekee kwenye pendekezo lako la mwisho. Kurasa tatu au nne zinatosha. Ripoti ya kurasa kumi haisomwi yote, na sehemu inayorukwa mara nyingi ndiyo uliyoitolea jasho.

Nenda nyumbani mara mbili, kwa saa tofauti. Ziara ya kwanza ya miadi utakuta kumefagiwa na aliyepo ni mama au shangazi. Ya pili nenda jioni, baada ya Magharibi, ndipo utaona nani hasa analala humo. Uliza mambo manne: nani anampikia, analala chumba gani na nani, nani anamwamsha asubuhi, na nani anajua aliko ikifika saa mbili usiku. Jina moja likijirudia kwenye majibu yote manne, huyo ndiye mlezi, hata kama jalada la polisi limeandika jina la baba. Huku kwetu mara nyingi ni bibi. Ukimwacha nje ya ripoti, amri itamfunga baba anayeishi Dar na kuja sikukuu hadi sikukuu.

Usiende na gari la polisi, na usimwambie mjumbe wala mwenyekiti wa mtaa kosa linalodaiwa. Jitambulishe kwamba unatoka ustawi wa jamii na unafuatilia maendeleo ya watoto. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha na utambulisho wa mtoto hautangazwi. Ukiuvujisha wewe barazani, mahakama haina namna ya kuurudisha.

Shuleni omba daftari la mahudhurio la mihula miwili iliyopita. Usijumlishe siku tu, tazama utoro ulianza lini na unaangukia siku zipi. Mtoto wa Muheza anayepotea msimu wa machungwa, uliza kwanza anamchumia nani kabla hujaandika "mtoro". Kisha mwone ustadh wa madrasa kama mtoto anasoma huko. Anamwona karibu kila siku na anajua alivyobadilika, lakini maafisa wengi hawafiki kwake kabisa.

Kila sentensi iwe na mwenyewe. "Familia haina maadili" ni hukumu yako, na wakili wa mtoto akikuuliza umeipata wapi huna jibu. Andika hivi: "Bibi anaeleza kuwa tangu Januari mtoto hurudi baada ya saa nne usiku. Daftari la shule linaonyesha hakuhudhuria siku 31 kati ya Januari na Aprili." Msomaji atajua mwenyewe maana yake.

Jalada_Mezani

Naongeza upande wa mahakama, kwa sababu hapa ndipo ripoti nzuri zinapoharibika.

Kama mtoto amekana kosa na shauri halijaamuliwa, usimhoji kuhusu tukio. Mhoji kuhusu nyumbani, shule, afya, marafiki na anavyotumia siku yake. Ukimuuliza "ulifanyaje" atakueleza, maana anakuamini, na maelezo yale yakiingia kwenye ripoti yako umekuwa shahidi wa upande wa mashtaka bila mtu kukuapisha. Kukusanya taarifa za familia unaweza kuanza mapema, ila ripoti yenye pendekezo la amri isifike mbele ya hakimu kabla mtoto hajakiri au kosa halijathibitishwa. Kuhusu tukio, tumia kilichokubaliwa mahakamani na si kilichoandikwa polisi.

Pili, dhamana. Siku ya kwanza mtoto anapoletwa, kazi yako kubwa ni kupata mtu mzima wa kumchukua. Watoto wengi wanabaki mahabusu kwa sababu tu hakuna aliyempigia mama yao. Chukua namba za simu mapema kutoka Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na uliza majina mawili, la mzazi na la ndugu mwingine. Tuna bahati Tanga mjini kuna mahabusu ya watoto, mikoa mingi haina. Hata hivyo bado ni mahabusu, na mtoto wa Lushoto au Handeni akiwekwa pale yuko mbali na kwao, tena shule inampita.

Sasa umri. Una mistari miwili ya kuitazama kabla ya ule wa miaka 18. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kuwa alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kutenda vile. Kwa hiyo kosa la mwaka mmoja kwenye umri linaweza kubadili shauri zima.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana tafuta kadi ya kliniki, ambayo kina mama wengi huitunza kuliko tunavyodhani, kisha cheti cha ubatizo kama ni Mkristo, kisha daftari la uandikishaji la darasa la kwanza. Hilo la mwisho lisome kwa tahadhari, kwa sababu wazazi huongeza au kupunguza mwaka ili mtoto apokelewe. Vipimo vya hospitali, eksirei ya kiganja na meno, viwe vya mwisho. Vinatoa makadirio, na pengo lake linaweza kufika miaka miwili. Daktari akiandika "miaka 17 hadi 19", amekwambia hajui mtoto yuko upande upi wa mstari.

Wazee wa pwani watakupa mwezi wa Kiislamu: "Alizaliwa Mfungo Sita, siku za Maulidi." Ni ushahidi mzuri, ila kwanza upate mwaka kwa tukio linalojulikana, kama uchaguzi mkuu wa 2010 au wa 2015, ndipo ugeuze mwezi. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Sita wa 2010 uliangukia Februari na Machi, na wa 2024 ukaangukia Septemba. Ukikadiria mtoto wa 2010 kwa kalenda ya 2024 unaweza kumwongezea au kumpunguzia mtoto miezi saba.

Mtaratibu_Pangani

Swali la masharti ndilo ninalolijali kuliko yote. Uangalizi mwingi unavunjika kwa sababu uliandikwa hautekelezeki tangu siku ya kwanza, kisha mtoto anarudishwa mahakamani anaonekana mkaidi.

Chukua sharti la "asionekane maeneo ya soko". Linapendeza kwenye karatasi. Mtoto huyo mama yake anauza nyanya Mgandini, akitoka shule anapitia hapo kula na kubeba mizigo ya kurudi nyumbani. Umemkataza kumfikia mlezi wake. Andika kinachokusudiwa hasa: asiwe karibu na kundi fulani au kibanda fulani, na sokoni awe mezani kwa mama yake na si pengine.

Au "awe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni". Kwa mtoto wa madrasa anayeswali Magharibi msikitini ndipo arudi, umemvunjisha sharti kila siku. Sogeza hadi saa mbili usiku.

Kwa watoto wa uvuvi kuna jambo zito zaidi. Utakuta mtoto wa miaka 15 anatoka na vyombo usiku siku za giza la mwezi, na familia inakula kwa kipato hicho. Usiandike sharti linaloruhusu hilo hata kwa kunyamaza. Sheria ya Mtoto inamruhusu kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kazi ya usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa kwa mtoto, na kazi ya hatari pia. Na usikomee kwenye kukataza, kwa sababu njaa itamrudisha majini. Kaa na nahodha au mjomba mwenye chombo, mtafute kazi ya mchana nchi kavu: kushona nyavu, kuanika dagaa, kupokea samaki alfajiri ikishapambazuka. Kama hasomi tena, uliza kwanza kama anaweza kurudi shule. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu walioacha kurudi. Akikataa darasa, mpeleke fundi anayekubali kwa maandishi, au chuo cha VETA Tanga kama kuna wa kumlipia.

Pendekeza masharti matatu au manne. Kila moja lipite kwenye maswali haya: mtoto akiambiwa mara moja anaweza kulirudia kwa maneno yake? Nani ataliona likifuatwa? Linagharimu nauli ya nani? Sharti la kuripoti ofisini kila wiki kwa mtoto wa kijiji cha ndani ni faini ya siri kwa mama yake. Kutana naye shuleni au ofisi ya kata, au siku ya gulio ambapo familia inakuja mjini hata hivyo.

Ratiba inayobebeka: mwezi wa kwanza kila wiki, wa pili na wa tatu kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi hadi amri iishe. Ukibana mwanzoni unaona mapema kinachokwenda mrama. Maafisa wengi hufanya kinyume, wanamtafuta mtoto mwezi wa mwisho ili wajaze jalada.

Mgeni_wa_Pongwe

Asanteni sana, nimenakili yote. Mawili yamebaki. Mtoto akivunja sharti nifanye nini, na akihamia kwa ndugu wilaya nyingine jalada linakwenda vipi?

Bi_Chumbageni

Akivunja, kwanza tofautisha aliyeshindwa na aliyekataa. Mtoto aliyekosa miadi miwili kwa sababu bibi amelazwa hospitali ya Bombo ameshindwa. Badilisha siku, andika sababu kwenye jalada, endelea. Aliyekataa mwite pamoja na mlezi, msomee amri upya kwa lugha anayoielewa, mkubaliane hatua na tarehe, wote waweke sahihi au dole gumba. Ikijirudia, andika mahakamani mwenyewe mapema ukiomba masharti yabadilishwe, na ueleze ulichojaribu. Hakimu akisikia kwako kabla hajasikia kwa polisi, mtoto ana nafasi.

Usimtishe jela. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kupewa kifungo, naye akigundua ulimdanganya hutampata tena. Shule ya maadilisho, ambako mahakama inaweza kumpeleka mtoto akaishi huko, ipo, lakini ni ile ya Irambo na iko Mbeya, karibu kilomita 1,000 kutoka hapa, na kumwona mama ni safari ya basi ambayo familia nyingi haziwezi. Usiipendekeze kama onyo. Ipendekeze pale tu ulipoandika kila njia ya nyumbani iliyojaribiwa na sababu iliyoifanya ishindikane.

Jalada_Mezani

Kuhusu kuhama: mtoto asiondoke kabla hujaongea na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakokwenda. Tuma barua, nakala ya amri, ripoti yako na muhtasari wa ziara, vyote kwenye bahasha iliyofungwa, na usisafirishe kwa mkono wa mtoto. Ijulishe mahakama anwani mpya. Kisha dai jibu la maandishi kwamba amepokelewa na tarehe ya miadi yake ya kwanza. Mpaka jibu hilo lifike, mtoto bado ni wako. Watoto wanapotelea hapa hasa: Tanga wanaandika "amehamishiwa Korogwe", Korogwe hawajawahi kumsikia, na anapokamatwa tena inaonekana ametoroka uangalizi.

Kijana_wa_Kasera

Samahani kuingilia, nasoma stashahada ya ustawi wa jamii. Hao maafisa wa Huduma za Uangalizi walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani si ndio wanaofanya kazi hii?

Mtaratibu_Pangani

Wao hasa wanasimamia watu wazima waliopewa uangalizi au kazi za huduma kwa jamii badala ya kifungo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inagusa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Kwa mtoto, anayetakiwa kuwapo mahakamani na kuandaa ripoti ni afisa ustawi wa jamii. Ila jenga nao urafiki ukiajiriwa. Kaka wa mtoto wako au baba yake huenda yuko kwenye daftari lao, na mkipanga ziara pamoja familia haitapokea maagizo mawili yanayopingana.

Mgeni, kabla hujapeleka ripoti yako ya kwanza, msomee mlezi sehemu ya masharti uliyopendekeza. Akisema "hili halitawezekana kwa sababu kadhaa", lirekebishe usiku huohuo.