Machu Picchu au Petra? Wadau naomba ushauri, safari ni Februari

Nanga Juu (mleta mada): Wadau, nimekwama. Likizo ni moja tu, ya Februari, na roho inavutwa huku na huku: Machu Picchu ya Peru au Petra ya Yordani? Silali. Aliyefika anisaidie, wapi panalipa uchovu wa njia?

Kiguu na Njia: Petra, wala usijiulize. Unapita Siq, korongo jembamba la zaidi ya kilomita moja, kuta zimekubana kushoto na kulia, mara Hazina hii hapa mbele yako, jengo la kimo cha karibu mita 40 lililochongwa na Wanabatia, watu wa kale wa Petra, kwenye jabali lenyewe. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Nguvu zikibaki, panda ngazi zipatazo 800 hadi Ad Deir, jengo jingine la kuchongwa mlimani.

Bibi Ramani: Mwanangu, mimi nasema Kyoto, Japani. Februari miplamu inachanua kwenye hekalu la Kitano Tenmangu. Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa maua, lakini pale hakutaka kuondoka.

Swali Moja: Mkuu, unasafiri na nani? Mbona hapo umeparuka?

Nanga Juu: Na mama. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na daktari kamwambia ajihadhari na miinuko kwa ajili ya moyo. Ila ana nguvu kuliko mimi. Na tiketi za Peru nimeshakata, kwa hiyo msiniambie nighairi. Peru ameitamani tangu usichana wake.

Dada wa Haki: Umeshakata tiketi, daktari kaonya, ndipo unaomba ushauri? Tiketi zinanunulika. Mama je?

Mzee wa Vilele: Tatizo si Machu Picchu, iko mita 2,430 tu. Tatizo ni mji wa Cusco mnakotua, mita 3,400 hivi, na ndege inakutoa Lima pwani na kukutua huko juu ghafla. Mkishuka uwanjani teremkeni siku hiyohiyo Ollantaytambo, kama mita 2,800, mlale. Halafu treni hadi Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, kisha basi hadi langoni. Ndani ni ngazi za mawe, hazikwepeki. Mpelekee daktari namba hizi kwanza.

Nanga Juu: Treni hatupandi. Tumelipia Njia ya Inka, siku nne kwa miguu hadi Machu Picchu. Wakala kasema ni mwendo wa taratibu.

Mzee wa Vilele: Aa, hii chai. Njia ya Inka hufungwa Februari yote, kila mwaka, kwa matengenezo, tena ni msimu wa mvua. Na ina pito la zaidi ya mita 4,200. Magoti gani hayo?

Popo Mchana: Hahaa, chai tena ina tangawizi! Mods fungeni uzi.

Nanga Juu: Siyo chai! Risiti ninayo, na mama ameshanunua viatu.

Kiguu na Njia: Basi umeuziwa mbuzi kwenye gunia, ndugu yangu. Mdai wakala kibali. Hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, na kwa siku hawaingii zaidi ya watu 500, wapagazi wakiwemo. Hana? Dai fedha zako leo.

Nanga Juu: Nimemwandikia, kimya. Ila Peru tunakwenda. Hiyo treni, mama akae upande gani auone mto?

Mzee wa Vilele: Kushoto, ukitokea Ollantaytambo. Daktari amesemaje?