Naomba ushauri: "kuugua" kwenye Warumi 8:26 kuna maana gani kwa Kigiriki?

BintiMkubwa
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Alhamisi ni zamu yangu kuongoza neno kwenye jumuiya na nimekwama.

Mama yangu ana mwezi wa nne kitandani, nyonga. Mchana anajikaza, usiku akigeuka tu unamsikia "mmh... mmh..." mpaka alfajiri. Juzi mpendwa mmoja alikuja kumwombea, akamwambia aache kuugua hivyo, eti ni kumnung'unikia Mungu, imani imepungua. Tangu siku hiyo mama anang'ata pembe ya kanga ili asisikike. Asubuhi naikuta imelowa. Inaniuma sana.

Sasa nasoma "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Vijana wataniuliza, Roho anaumwa? Neno lenyewe ni lipi? Na yule mpendwa yuko sahihi?

MsomajiWaUsiku
Amina dada, mpe mama pole. Neno ni *stenagmos*, kitenzi chake *stenazo*. Halina habari ya ugonjwa, ni sauti inayomtoka mtu aliyelemewa. Biblia yetu ya Union inatumia "kuugua" kwa maana ya kutoa sauti ya maumivu, ila siku hizi tukilisikia tunawaza hospitali tu. Wafafanulie hilo kwanza.

Kisha rudi mstari wa 22. Viumbe vyote vinaugua pamoja. Mstari wa 23, sisi "tulio na malimbuko ya Roho" tunaugua. Mstari wa 26, Roho naye. Ni neno la ukoo mmoja mara tatu. Paulo anasema wenye Roho ndio wanaougua! Sasa upungufu wa imani umeingilia wapi hapo?

MwanaTanga
Naongeza kidogo. Mstari wa 22 unataja na utungu, ule wa kujifungua. Bibi zetu huku pwani mwanamke akiwa na uchungu husema anapiga kite. Mimi nikisoma *stenazo* pale, nasikia kite. Hakuna mkunga anayemwambia mzazi anyamaze eti anakufuru.

MzeeWaKanisa
Binti yangu, nimesoma nikaumia. Tumtendee haki na huyo mpendwa: Yakobo 5:9, "msinung'unikiane", ni *stenazo* hilohilo. Lakini pale ni ndugu kumlalamikia ndugu mwenzake. Mama halalamikii mtu, anaumwa.

Msomee Kutoka 2:24, "Mungu akasikia kuugua kwao." Kwenye Agano la Kale la Kigiriki ni *stenagmos*, na Stefano analirudia kwenye Matendo 7:34. Wana wa Israeli wako utumwani Misri, kinachotoka ni kuugua na kulia, na Mungu anakumbuka agano lake. Hakuwakemea.

Halafu Marko 7:34. Yesu yuko na kiziwi mwenye utasi, anatazama juu mbinguni, *anaugua*, ndipo anasema "Efatha", yaani funguka. Ni *stenazo*. Bwana mwenyewe, binti yangu.

BintiMkubwa
Jamani, asanteni, nimelia. Na Yohana 11:33, Yesu alipoona watu wakimlilia Lazaro, "aliugua rohoni", ni lilelile?

MsomajiWaUsiku
Hapana, hapo tahadhari. Ni *embrimaomai*, na lina ukali ndani yake. Marko 14:5 limetafsiriwa "wakamnung'unikia" yule mwanamke aliyemmiminia Yesu marhamu. Kwa Lazaro wengi wanaona hasira ya Yesu mbele ya mauti. Ni somo zuri, ila usilichanganye na hili, utawapoteza.

Na "kusikoweza kutamkwa" ni *alaletois*, neno linalopatikana hapo tu katika Agano Jipya lote. Wapo wanaosema ni kunena kwa lugha. Mimi siafiki, maana mstari unaanza na udhaifu wetu, kwamba hatujui kuomba itupasavyo. Ni pale maneno yanapokwisha.

BintiMkubwa
Nimemsomea mama Marko 7:34 jioni hii. Akaniuliza, "Yesu naye?" Nikamwambia naye. Akaomba nimgeuze upande wa ukutani, akaugua kwa sauti, kanga ikabaki kwenye mto wa kulalia.

Alhamisi jumuiya itasalia kwetu, chumbani kwake. Yule mpendwa nimeshampigia simu, anakuja.